Kuweka betri ya lipo kwenye bunduki fupi ya easofti: mwongozo kwa anayeanza

Kwenye easofti, mchezo wa kulengana kwa bunduki za bandia zinazopiga goroli za plastiki, maswali ni yale yale. Mtu kanunua bunduki yake ya kwanza ya umeme, kaenda nayo uwanjani Jumapili moja, karudi anauliza: mbona betri iliyokuja nayo inakata haraka? Niweke ipi? Itaenea? Nikiongeza volti goroli zitafika mbali zaidi? Chaja niliyonayo si inatosha? Hapa chini ni majibu, pamoja na kazi yenyewe hatua kwa hatua, kutoka betri ya kiwandani hadi lipo (betri ya lithiamu-polima), bila kuunguza bunduki wala nyumba.

Mfano nitakaoutumia ni AKS-74U, ile AK fupi ambayo wengi huanza nayo, hasa zinazotengenezwa na Cyma. Ina shida zote za bunduki fupi: nafasi ya betri ni finyu, betri inalala juu ya giaboksi chini ya kifuniko cha juu, na waya zinapita mahali ambapo zikikosewa kidogo tu zinabanwa. Kama yako ni fupi ya aina nyingine lakini betri yake ina waya na plagi, utaratibu ni huu huu. Kinachotofautiana ni tundu la kuwekea betri.

Kuna kundi moja usilichanganye na haya. MP7 na Scorpion ndogo za Tokyo Marui, na bastola za umeme kama Glock 18C, hutumia kibetri cha volti 7.2 kisicho na plagi, kinachogusana na vibati vya chuma ndani ya bunduki. Waya na swichi zake ni nyembamba mno kwa lipo. Huko betri mpya huingia pamoja na mosfeti (swichi ya kielektroniki) na waya mpya, na lazima bunduki ifumuliwe. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, soma sehemu za kuchaji na kutunza, kazi ya ndani mpe fundi.

Kwanza, betri haiongezi masafa

Mota inazungusha gia, gia zinavuta pistoni nyuma na kukandamiza springi, springi ikiachiwa pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma goroli. Nguvu ya goroli inatoka kwenye springi. Goroli ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde ina jouli 1, na kwa kawaida itabaki hapo hapo hata ukibadilisha betri mara kumi. Kinachobadilika ni wepesi wa bunduki kuitikia kidole, idadi ya goroli kwa sekunde, na kwamba saa kumi jioni itakuwa inapiga kama ilivyopiga asubuhi.

Ndiyo maana kubadilisha betri peke yake hakukuingizi kwenye matatizo ya kipimo cha nguvu cha uwanja. Uingereza mpaka ni jouli 1.3 kwa bunduki inayopiga mfululizo na 2.5 kwa inayopiga moja moja. Japani ni 0.98. Ujerumani ni wakali zaidi: ikizidi jouli 0.5 hairuhusiwi kupiga mfululizo kabisa. Kwa hiyo ukiwa Ujerumani na bunduki ya moja moja, kaa mbali na zile mosfeti za kuprogramu zinazoweza kuigeuza iwe ya mfululizo. Na kwa kuwa swali la kusafiri na bunduki nalo halikosekani: hapana, usiitie kwenye begi ukienda likizo Dar au Nairobi. Afisa wa uwanja wa ndege ataona AK, na maelezo yako kuhusu goroli za plastiki atayasikiliza baadaye sana.

Namna ya kuchagua: nafasi, halafu ampea, halafu volti

Wanaoanza hufuata mpangilio wa kinyume. Wanaanza na volti, wananunua, kisha wanakuta betri haiingii.

Betri ya kiwandani mara nyingi ni NiMH (aina ya nikeli) ya volti 8.4, yaani seli 7 za volti 1.2. Lipo ya seli mbili huandikwa 7.4. Mtu anaona namba imeshuka, anakata tamaa, anaagiza ya 11.1. Usifanye hivyo. Lipo ya 7.4 ikijaa chaji inasoma 8.4, na ukibonyeza kifyatulio volti yake inashuka kidogo tu. NiMH ndogo ndogo, zile za kuingia bunduki fupi, huzama vibaya mara mota inapovuta umeme mwingi. Kwa hiyo bunduki ikiwa ya kiwandani, 7.4 nzuri itaipita ile 8.4 ya zamani kwenye kuitikia, na mota haitalazimishwa kwenda kasi ambayo gia na pistoni hazikutengenezewa.

Ile ya 11.1 kwenye bunduki isiyoguswa ndani hufanya mambo mawili. Pistoni haiwahi kurudi mbele kabla gia haijaifikia tena, meno yake yanang'oka. Na vibati vya swichi ya kifyatulio vinapiga cheche kubwa kila unapobonyeza, hadi vinakuwa vyeusi na vinaacha kupitisha umeme. Kuna bunduki zilizoandaliwa kwa 11.1. Yako iliyotoka dukani kwa bei ya chini haimo, hata muuzaji akiapa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Betri ya lipo ya volti 7.4, ya umbo la kijiti, lakini usiinunue kabla ya hatua ya 4
- Chaja ya lipo inayosawazisha seli, yenye tundu la plagi ndogo nyeupe ya pini tatu
- Mfuko wa kuchajia lipo, au chombo cha chuma au cha udongo ambacho hakifungi kwa kubana hewa
- Multimita, hata ya bei ya chini kabisa
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 au zaidi, na waya wa lehemu wenye dawa ndani
- Jozi mbili za plagi za T, zile ambazo wengi huziita Deans
- Mpira wa kusinyaa kwa joto, wa kuvika waya
- Kisu kidogo au wembe, koleo la kukatia, bisibisi, alenki
- Kadibodi, mkasi, rula na tepu ya umeme
- Miwani ya kinga, ile ile unayochezea

Chaja ya zamani iliyokuja na NiMH iweke kando kabisa. Haijui lini lipo imejaa, itaendelea kusukuma umeme hadi betri ivimbe na kushika moto. Katika mambo yote yaliyomo humu, hili ndilo linalounguza nyumba za watu.

Hatua

1. Ondoa kila kitu kinachoweza kupiga. Vaa miwani. Toa magazini, elekeza mtutu pasipo na mtu, piga mara mbili tatu ili goroli iliyobaki kwenye mtutu itoke. Sasa fungua kifuniko cha juu kwa kubonyeza kitufe kilicho nyuma yake, chomoa betri na iweke meza nyingine. Tangu hapa hadi hatua ya 10 bunduki haiguswi na betri yoyote.

2. Pima nafasi. Ukitoa betri ya zamani utaona mfereji mrefu mwembamba juu ya giaboksi. Pima urefu, upana na kina, na uandike. Kina ndicho kinachodanganya: kipime kuanzia chini hadi usawa ambao kifuniko kitakaa kikifungwa, na ukumbuke kifuniko cha AK kimejikunja kama mgongo, kwa hiyo katikati pana nafasi kuliko pembeni. Toa milimita mbili kwa kila kipimo. Lipo haitakiwi kubanwa. Hupanuka kidogo ikifanya kazi.

3. Tengeneza betri ya kadibodi. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanarudisha mzigo dukani kwa gharama zao. Kunja kadibodi iwe kijiti chenye vipimo vya betri unayoitamani, kifunge kwa tepu, na mwishoni bandika kipande cha waya mnene chenye urefu wa sentimita tano kuigiza waya za betri. Kiweke ndani, funga kifuniko. Kikilia, kikiinuka upande mmoja, au ukihitaji kukisukuma kwa kidole gumba, betri hiyo haikufai. Punguza sentimita moja, jaribu tena. Ukishapata kadibodi inayoingia na kifuniko kikafunga bila nguvu, ipime: hivyo ndivyo vipimo vya mwisho vya kutafutia dukani. Vile wanavyoandika wauzaji mara nyingi havihesabu waya zinapotokea wala plagi, na kwenye bunduki fupi hapo ndipo nafasi inapoishia.

4. Piga hesabu ya ampea. Kwenye ganda la betri pana namba mbili: ujazo kwa mAh, na namba yenye herufi C. Geuza mAh iwe Ah, zidisha kwa C, unapata ampea ambazo betri inaweza kutoa mfululizo. Betri ya 1100 mAh ya 20C inatoa 1.1 mara 20, yaani ampea 22. Ya 1300 mAh ya 15C inatoa 19.5. Kwa bunduki ya springi ya kiwandani, lenga ampea 20 au zaidi. Ukipata mbili zenye umbo linalofanana, moja ina mAh nyingi na C ndogo, nyingine kinyume chake, chagua kwa jibu la kuzidisha. Kisha lipunguze kichwani: wauzaji wa bei ya chini hawaoni haya kuandika C ambayo betri haijawahi kuiona.

5. Nunua betri yenye plagi ya T tayari. Plagi ya kiwandani kwenye bunduki nyingi ni Tamiya ndogo, ile nyeupe yenye kidoko cha kubonyeza. Inabana umeme, inapata joto, na ndani yake pini hulegea. Tutaibadilisha. Lakini tunalehemu upande wa bunduki tu, ambao hauna umeme. Kulehemu waya za lipo ni kazi ya mtu mwenye mkono mzoefu, kwa sababu nyaya zake mbili zina umeme muda wote, na zikigusana na chuma cha pasi zinapiga shoti hapo hapo mbele ya uso wako. Dola moja au mbili za ziada kwa betri yenye plagi tayari ni bei ndogo.

6. Ikague ikifika. Ganda liwe bapa na gumu, lisilo na uvimbe wala harufu ya tamutamu kama rangi ya kucha. Weka multimita kwenye volti za DC. Gusa pini nyekundu kwenye alama ya kujumlisha ya plagi, nyeusi kwenye ya kutoa. Ikisoma namba yenye alama ya kutoa mbele, plagi imelehemiwa kinyume kiwandani. Hutokea. Irudishe. Kisha pima kila seli kupitia plagi nyeupe: pini ya kwanza na ya pili, halafu ya pili na ya tatu. Betri mpya huja ikiwa karibu na volti 3.8 kwa kila seli. Seli mbili zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.1, au moja ikiwa chini ya 3, hiyo nayo irudishe.

7. Ichaji. Chomeka plagi kubwa na ile nyeupe, zote mbili, kwenye chaja. Chagua lipo, seli 2, kuchaji kwa kusawazisha. Ampea za kuchajia ziwe sawa na ujazo: 1300 mAh ni ampea 1.3, 1100 mAh ni 1.1. Ukiweka chini ya hapo utachelewa tu, hakuna ubaya. Betri iwe ndani ya mfuko au chombo chake, juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na pazia, zulia na kitanda. Usitoke nyumbani, usilale. Ndoo ya mchanga mkavu ikiwa karibu ni bora zaidi. Ikianza kuvimba au kutoa moshi, zima umeme ukutani kama unafikika bila kuikaribia betri, toa watu, usivute moshi huo, ita zimamoto.

Kama una boksi la chuma la risasi, toa ule mpira wa kuziba hewa kwenye mfuniko. Boksi lililoziba likiwa na betri inayoungua ndani hujaa hewa na kupasuka.

8. Badilisha plagi ya bunduki. Kata plagi ya Tamiya ukibakiza waya mrefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Unaweza kuufupisha baadaye, kuurefusha ni taabu. Menya kila waya milimita tano hivi. Kabla hujashika pasi, vika kila waya kipande chake cha mpira wa kusinyaa na kisukume nyuma kabisa, kisije kikapata joto na kusinyaa kabla ya wakati. Anayesahau mpira humaliza kulehemu vizuri, kisha analazimika kubandua kazi yote.

Plagi ya T ina sura mbili. Ile ambayo vibati vyake vimefichwa ndani ya plastiki ni ya betri, ili isipige shoti ikigusana na funguo mfukoni. Yenye vibati vilivyo wazi ndiyo ya bunduki. Kwenye plastiki pana alama ndogo za kujumlisha na kutoa. Zitafute kwenye mwanga mzuri, nyekundu kwenye kujumlisha. Wakati wa kulehemu, chomeka plagi ya bunduki ndani ya ile mwenzake ya akiba, isiyounganishwa na chochote. Plastiki yake huyeyuka kwa joto na vibati kupinda. Mwenzake akiwepo hushikilia vikae wima na kunyonya joto.

Paka lehemu kwenye kibati kwanza, paka kwenye waya, kisha viunganishe kwa kugusa pasi kwa sekunde mbili tatu. Lehemu ikitulia iwe inang'aa na imeulowanisha waya pande zote. Ikiwa imekaa kama donge la kijivu linalotikisika, irudie. Vuta waya kwa nguvu ya kawaida. Waya ukiachia hapa, ungekuja kuachia uwanjani. Sukuma mpira uje ufunike chuma chote na upashe joto.

Fyuzi iache mahali pake. Kwenye bunduki fupi ule mrija wa fyuzi ya kioo unakula nafasi, na wengi huukata ili betri ienee. Kama unasumbua, weka fyuzi ndogo ya bapa ya aina ya magari, ampea zile zile. Lipo ikipiga shoti bila fyuzi, waya ndio unaogeuka fyuzi.

9. Pima kabla ya kuchomeka. Weka multimita kwenye alama ya kengele. Gusa vibati viwili vya plagi ya bunduki. Kifyatulio kikiwa kimeachiwa, isilie. Toa swichi ya kuchagulia upigaji kwenye usalama, bonyeza kifyatulio: sasa ilie, kwa sababu umeme unapita kwenye mota. Ikilia bila kubonyeza, kuna waya zinagusana mahali fulani. Tafuta kabla ya kuendelea. Kipimo hiki ni cha bunduki isiyo na mosfeti; yenye mosfeti husoma tofauti.

10. Laza betri ndani. Plagi na fundo la waya viende mahali penye kina, betri yenyewe ilale bapa. Plagi nyeupe ya kusawazishia ifunge kwa tepu ubavuni mwa betri. Ikiachwa huru huingia chini ya ukingo wa kifuniko. Funga kifuniko polepole ukiangalia pembeni kote. Ukingo wa chuma wa kifuniko hicho unakata ganda la waya bila kelele, na hutajua hadi fyuzi iungue. Pale ambapo waya unapita karibu na chuma, bandika tepu mbili tatu juu ya hicho chuma.

11. Jaribu. Bila magazini, miwani usoni, swichi kwenye moja moja. Kwenye AK hapo ni chini kabisa. Katikati ni mfululizo. Piga mara moja, sikiliza, piga tena. Sauti iwe ya kukata na yenye kufanana kila mara. Baada ya mara kumi fungua, gusa plagi, waya na betri. Uvuguvugu ni sawa. Joto la kukufanya uondoe kidole si sawa, simama hapo.

12. Kila baada ya mchezo. Chomoa betri. Kila mara, hata ukienda kula tu. Kwenye gari na kwenye begi isiwe imeunganishwa. Usiendeshe seli chini ya volti 3.5. Kwa kuwa bunduki fupi haina nafasi ya kile kipiga kelele cha kuonya, tembea na kipimo cha seli mfukoni na upime kati ya mchezo na mchezo. Ukiona bunduki imeanza kuzubaa, umeshachelewa. Ikikaa zaidi ya siku chache, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, chaja nyingi zina kitufe cha hifadhi kwa kazi hiyo. Na mlioko Ulaya: asubuhi ya Januari betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, kwani lipo baridi hutoa umeme kwa shingo upande.

Je, mosfeti ni lazima?

Kwa 7.4 na springi ya kiwandani, si lazima, lakini ukicheza kila wiki itakulipa. Kazi yake ni kubeba umeme mkubwa badala ya swichi ya kifyatulio, hivyo vibati haviungui. Kuna ndogo sana za kukaa pembeni mwa betri, ila kuiunga vizuri kunataka kufungua giaboksi ili kupeleka waya mwembamba kwenye swichi. Subiri hadi siku utakapoifungua kwa sababu nyingine. Jihadhari na moja tu: mosfeti ikichomekewa betri kinyume, kwa kawaida hufa papo hapo.

Ikigoma

*Kimya kabisa.* Fyuzi kwanza, kisha plagi, kisha volti za betri. Kama fyuzi imeungua, usiweke nyingine hadi ujue kwa nini. Kagua waya chini ya ukingo wa kifuniko.

*Inanguruma kidogo, haizunguki, waya zinapata moto.* Chomoa upesi. Ama umeunga nyekundu na nyeusi kinyume, mota inataka kurudi nyuma na kuna kipingo cha gia kinachoizuia, ama gia zimekwama.

*Kifyatulio kinabonyezeka, hakuna kitu, na ilikuwa inapiga vizuri moja moja.* Mara nyingi pistoni imesimama nusu ya safari. Weka swichi katikati, kwenye mfululizo, bonyeza mara moja, kisha rudisha. Ikitokea mara kwa mara betri yako imeisha, au ampea zake ni za kwenye karatasi tu.

*Ukibonyeza mara moja inapiga mbili.* Mota inakwenda kasi kuliko springi inavyoweza kuisimamisha. Kama uliweka 11.1, umejibiwa. Kama ni 7.4, kile kijiti kinachokata swichi ndani ya giaboksi kimelika. Hilo ni la fundi.

*Inalia kama mluzi tangu ulipobadilisha.* Mota sasa inazunguka kwa kasi nyingine, na kimo chake kama hakilingani vizuri na gia kinasikika zaidi. Chini ya mshikio wa pistoli pana skurubu ndogo ya alenki. Izungushe robo, piga, sikiliza. Robo nyingine, piga, sikiliza. Acha pale mluzi unapopungua kabisa. Usiikaze hadi mwisho.

*Plagi inachemka, betri baridi.* Lehemu mbaya. Rudia hatua ya 8.

*Betri imevimba.* Imekwisha, hata kama bado inapiga. Usiitoboe, usiichaji "mara ya mwisho". Iweke nje kwenye chombo cha chuma, mbali na kitu kinachoungua, funika plagi kwa tepu, uipeleke kituo cha kupokea taka hatari cha manispaa. Yale maboksi ya betri chakavu kwenye maduka makubwa ni ya betri nzima. Iliyovimba mkabidhi mtu mkononi na umwambie ni lipo.

*Unasafiri kwa ndege na betri za akiba.* Zinakwenda kwenye begi la mkononi, plagi zikiwa zimezibwa, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Ukomo wa kawaida ni saa-wati 100 kwa betri. Yako ya 7.4 na 1300 mAh ina 9.6 tu, lakini iandike kwenye tepu ubavuni, kwa sababu mkaguzi hatakupigia hesabu.